Baiskeli gizani: mzigo wa kuonekana ni wa nani?

Mwendesha baiskeli akigongwa usiku, maswali ya kwanza huwa yaleyale: alikuwa na taa? Alivaa nini? Nyuma ya maswali hayo kuna mabishano ya miaka mingi. Wapo wanaotaka sheria imlazimishe kila anayepanda baiskeli baada ya jua kuzama avae kizibao cha rifleta, kwa kuwa aliyevaa nyeusi hawezi kumlaumu dereva ambaye hakumwona. Wapo wanaojibu kwamba huko ni kumtwika aliyegongwa kosa la aliyemgonga: mwenye chombo kizito ndiye anayepaswa kwenda mwendo unaolingana na anachoweza kuona. Hoja zote mbili zina uzito, na zote zina tundu. Tatizo ni kwamba pande zote huzungumzia kuonekana kana kwamba ni jambo moja, ilhali dereva ana kazi tatu: kugundua kuwa kuna kitu mbele, kutambua kuwa ni mtu juu ya baiskeli, na kukadiria yuko umbali gani na anaelekea wapi. Kifaa kinachorahisisha kazi ya kwanza kinaweza kuivuruga ya tatu.

Tuanze na hesabu, maana yenyewe haina upande. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye makini akitumia sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga breki, gari limeshakwenda mita 21. Breki nzuri kwenye lami kavu zitataka mita nyingine 14 hivi. Jumla 35. Kwenye kilomita 80 kwa saa jumla hiyo inakaribia mita 70, yaani maradufu. Nguo nyeusi hurudisha sehemu ndogo sana ya mwanga unaoiangukia, na taa za dimu zimetengenezwa kwa makusudi ziinamie barabarani, hasa upande wa magari yanayokuja. Kwa hiyo aliyevaa nyeusi bila taa, mara nyingi dereva anayekwenda 80 humbaini akiwa tayari ndani ya zile mita 70.

Kila upande unaichukua hesabu hiyo kama ushahidi wake. Wa kwanza unasema: jifanye uonekane kabla ya mita 70. Wa pili unasema: anayekwenda 80 kwa taa za dimu kwenye barabara isiyo na taa anakwenda kasi kuliko macho yake yanavyoweza kuona, na gogo lililoanguka au lori lililoharibika halivai kizibao. Wa pili wako sahihi kuhusu wajibu. Wa kwanza wako sahihi kuhusu usiku wa leo, kwa sababu mwendo wa madereva hautabadilika kabla ya mtu huyu kufika anakokwenda.

Ila kizibao chenyewe hakieleweki vizuri, hata na wanaokipigia debe. Kina vitu viwili vinavyofanya kazi kwa njia mbili tofauti. Kitambaa chake cha manjano-kijani hung'aa kwa kugeuza miale ya urujuanimno ya jua kuwa mwanga unaoonekana. Jua likizama miale hiyo haipo, na taa za gari hutoa kidogo mno, hivyo usiku kitambaa hicho ni nguo tu ya rangi ya kupauka. Kinachobaki ni zile tepe za kijivu zilizojaa chembechembe za kioo au vipande vidogo vya prizimu, ambazo hurudisha mwanga kule ulikotoka. Anayenunua jaketi la rangi kali lisilo na tepe akidhani amejikinga na giza amenunua kifaa cha mchana.

Tepe nazo zina mahali pake. Joanne Wood na wenzake wa Queensland University of Technology, Australia, waliwapa madereva gari usiku kwenye uwanja uliofungwa, na waendesha baiskeli wakavaa nguo tofauti. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2012, waliovaa nyeusi walitambuliwa kwa asilimia 2 tu. Kizibao cha rangi kali bila tepe kilifikisha asilimia 15, kizibao chenye tepe asilimia 50. Walipoongeza tepe kwenye vifundo vya miguu na magoti, utambuzi ulipanda hadi asilimia 90. Sababu ni mwendo. Tepe iliyo kifuani inakaa palepale, na kwa mbali inaweza kuwa kibao cha barabarani au mlango wa uzio. Tepe inayopanda na kushuka ikipishana na mwenzake inasema jambo moja tu: huyo ni mtu anakanyaga pedali. Ubongo wa binadamu husoma mwendo wa viungo vya binadamu mwenzake upesi mno, hata ukionyeshwa nukta chache tu gizani.

Jambo la pili ni kimo. Taa za dimu humwaga mwanga mwingi chini, kwenye vifundo na magurudumu, na kidogo kifuani. Hivyo tepe mbili za upana wa sentimita tatu hadi tano, zikizungushwa mguu mzima juu ya viatu, kila mguu yake, hupata mwanga mapema kuliko kizibao kizima. Rifleta za pedali hufanya kazi hiyohiyo: mkono wa pedali wenye milimita 170 huipandisha na kuishusha rifleta sentimita 34 kila mzunguko. Uingereza inazidai kwa baiskeli zilizotengenezwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 1985. Kwa bahati mbaya pedali nyingi za kunasa kiatu hazina nafasi ya kuziweka, na hapo tepe za miguu huacha kuwa nyongeza.

Hata hivyo rifleta zote, ziwe za mguu au za kifua, zina udhaifu mmoja ambao kwa maoni yangu ndio unaoamua mjadala wa kizibao. Haziwaki. Hurudisha tu mwanga ulioziangukia. Chukua gari lililosimama kwenye barabara ya pembeni likisubiri kuingia barabara kuu. Taa zake zinaangaza ng'ambo. Wewe unakuja kutoka ubavuni, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, mita tano na nusu kila sekunde, na hakuna mwale hata mmoja wa gari hilo unaokugusa mpaka ufike mbele ya boneti. Dereva anageuza shingo, anatazama upande wako, anaona giza, anaachia klachi. Kizibao hapo hakina kazi. Kitakachomzuia ni taa nyeupe ya mbele inayowaka yenyewe. Vivyo hivyo kwa mtembea kwa miguu anayevuka na kwa mwendesha baiskeli mwenzako, ambao hawana taa za gari za kuamsha tepe zako.

Ndiyo maana Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaanzia kwenye baiskeli yenyewe: taa nyeupe au ya manjano mbele, nyekundu nyuma, na rifleta nyekundu nyuma. Nchi zikatofautiana kwenye mengine. Ufaransa, tangu mwaka 2008, inataka kizibao cha rifleta nje ya miji usiku au mwanga unapokuwa hafifu. Uholanzi haitaki kizibao. Inataka taa zisizometameta, pamoja na rifleta za nyuma, za pedali na za magurudumu. Uingereza inaruhusu taa za kumetameta tangu 2005, mradi ziwake kati ya mara 60 na 240 kwa dakika, wakati Ujerumani inazikataza kwenye baiskeli.

Wanaotetea nguo wana ushahidi mzuri wa Denmark. Waendesha baiskeli 6,793 walijitolea, nusu yao wakapewa jaketi la manjano, na waliolivaa waliripoti ajali za majeruhi pungufu kwa asilimia 47. Lakini kuna kitu kinachodai tahadhari: waliripoti pungufu hata zile ajali za kuanguka peke yao, na jaketi haliwezi kumzuia mtu kuteleza kwenye kona. Watafiti wenyewe waliligundua hilo, wakarekebisha hesabu, ikabaki asilimia 38. Bado ni kubwa na sitaki kuidharau. Tukumbuke tu kwamba jaketi la manjano linafanya kazi mchana pia, kwa hiyo namba hiyo haiwezi kuhamishwa nzimanzima kwenda kwenye giza. Nchini humohumo, mjini Odense, jaribio la watu 3,845 lililinganisha waliofungiwa taa za sumaku, zinazowaka kila gurudumu linapozunguka, na wasiokuwa nazo. Ajali za majeruhi zilipungua kwa asilimia 19, na hakuna aliyehitaji kukumbuka kuwasha kitu wala kuchaji betri.

Hapo kwenye kukumbuka ndipo penye tatizo zito. Taa za baiskeli hushindwa kwa sababu ndogondogo zinazorudiwa. Ya nyuma hufungwa kwenye bomba la kiti kwa mpira. Mpira ukilegea, taa hugeuka ikaangaza lami. Koti refu huifunika. Mzigo wa keria huiziba kabisa, pamoja na rifleta iliyo chini yake. Mwenye kubeba mizigo aihamishe taa hadi mwisho wa keria, nyuma ya mzigo. Bila madigadi, tairi hupaka kioo chake tope. Mbaya zaidi, taa ya nyuma ikizima wewe uliye juu ya kiti huwezi kujua. Nyingine hufifia polepole betri inapoisha, nyingine hung'aa vilevile hadi mwisho kisha zikakatika ghafla. Taa mbili za nyuma, moja kwenye fremu na nyingine juu zaidi, huondoa hatari hiyo, na pengo kati yake humsaidia dereva kukadiria umbali, jambo ambalo nukta moja nyekundu haiwezi. Dinamo ya habu, yaani ile iliyo katikati ya gurudumu inayozalisha umeme linapozunguka, volti 6 na wati 3, huondoa suala la betri kabisa. Chagua taa zenye kapasita ya akiba, kifaa kinachohifadhi umeme kidogo, ili zisizime ukisimama kwenye makutano. Dinamo ya kusugua tairi ni nafuu zaidi lakini huteleza mvua ikinyesha, yaani wakati unaoihitaji hasa.

Kuhusu kumetameta, pande zote zina haki. Taa inayowaka na kuzima huvuta jicho upesi na hula betri kidogo. Lakini dereva hupata vipande vya picha: kila ikizima anapoteza nukta aliyokuwa akiifuatilia, na kukadiria umbali na mwendo kunakuwa kazi. Iwapo ni moja tu, iwake moja kwa moja. Ikiwepo ya pili, hiyo ndiyo imetemete.

Ukali nao umegeuka kero mpya. Lumeni zilizoandikwa kwenye boksi ni jumla ya mwanga wote unaotoka. Hazisemi unakwenda wapi. Taa ya lumeni 1,000 yenye mwale wa duara humwaga sehemu kubwa kwenye macho ya anayekuja, na aliyepigwa macho haoni baiskeli, anaona jua dogo lisilo na umbali. Ujerumani hupima kwa lux, mwanga unaofika mahali maalumu mbele, kuanzia 10, na hudai mwale usipofushe wengine. Kuirekebisha ni rahisi. Simamisha baiskeli mita tano kutoka ukutani. Kama mwale una ukingo mkali juu, ukingo huo ukae chini kidogo ya kimo cha taa. Kama ni wa duara, kitovu chake kikae kwenye nusu ya kimo cha taa, ili kiiguse barabara mita kumi mbele.

Rifleta zipimwe pia. Mwombe mtu akupige picha kwa simu usiku, akiwa mita kumi nyuma yako, flashi ikiwaka. Flashi iko karibu na lenzi kama taa za gari zilivyo karibu na mstari wa macho ya dereva, hivyo kinachong'aa kwenye picha ndicho kinachofanya kazi, na kilichofifia kimechakaa. Kufua mara nyingi hung'oa chembe za kioo. Tepe ambazo chembe zake ziko wazi hufifia pia zikilowa, kwa kuwa maji huvuruga namna chembe zinavyopinda mwanga. Za prizimu zilizofunikwa huvumilia zaidi.

Kwa hiyo sheria ianzie wapi? Naona ianze kwa muuzaji. Hakuna anayenunua gari kisha akaambiwa taa atatafuta mwenyewe, lakini hata Uingereza, inayodai taa ziwake kuanzia jua linapozama, inaruhusu baiskeli mpya iuzwe na rifleta bila taa. Kizibao kibaki ushauri. Kikiwa sharti, kuna hofu ya haki kwamba siku ya ajali kutokuwepo kwake kutatumika kumpunguzia majeruhi fidia, hata pale ambapo kisingesaidia chochote, kama kwenye ile barabara ya pembeni. Tepe za miguu, ningezipendekeza kwa kila mtu leo.

Na lipo jambo ambalo hakuna nguo wala taa ya mwendesha baiskeli inayolitatua. Magari mawili yakikutana, baiskeli ikiwa mbele ya mojawapo, mwanga wa gari linalokuja hutawanyika ndani ya jicho la dereva, zaidi kwa mwenye umri mkubwa na kioo kichafu, na kwa sekunde kadhaa taa nyekundu ndogo humezwa na weupe huo. Dereva aliyepigwa macho aondoe mguu kwenye mafuta papo hapo, atazame ukingo wa barabara wa upande wake, na asirudishe mwendo mpaka gari lile limeshampita na macho yamezoea giza tena.