Corvette ya Jicho Moja

Nikiri mapema kwamba sikuwa na dola 46,000, wala sikuwa na matarajio ya kuzipata. Shemeji yangu alikuwa amekuja Houston kutoka Tanga kututembelea, na tangu siku ya kwanza alinitazama kama kaka mtu anayejiuliza dada yake aliolewa na nani hasa. Kwa hiyo nilipoona tangazo la Chevrolet Corvette ya mwaka 1969, yenye paa la turubai la kukunja, iliyokarabatiwa yote na kuongezwa nguvu, nilimpigia muuzaji simu kwa sauti ya mtu mwenye fedha nikamwambia tunakuja.

Gari lilikuwa zuri, sitaki kulisingizia. Lilikuwa jekundu, boneti ndefu kama mtumbwi, bodi nzima ya fibaglasi, na injini ya V8 ya lita 5.7 iliyolitikisa hata likiwa limesimama. Mzee mwenye gari alieleza kwa fahari kwamba alitoa kemshafti ya kiwandani, yaani shafti inayofungua na kufunga vali za injini, akaweka ya mashindano, ndiyo maana mngurumo wake ni wa kukatakata. Niliitikia kwa kichwa kama fundi, nisijue kwamba mzee alikuwa akiungama.

Shemeji alifungua mlango wa kushoto, akaketi vizuri, akakuta usukani kifuani.

"Shemeji, mbona umenipa kazi?"

Nilimkumbusha kwamba Marekani dereva hukaa kushoto, naye akahama kwa heshima zake zote.

Hatukuwa tumefika mbali mvua ya Houston ilipotumwagikia, ile isiyotanguliwa na manyunyu. Niliwasha waipa. Sasa, katika Corvette ya mwaka huo waipa hazionekani. Zimefichwa chini ya kifuniko mbele ya kioo, na kifuniko hicho hakiinuliwi kwa umeme bali kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini, sawasawa na taa kubwa za mbele ambazo hulala ndani ya bodi mpaka ziamshwe. Kemshafti ya mashindano huudhoofisha mvuto huo injini inapozunguka polepole. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule niliona tu kifuniko kikinyanyuka upana wa kidole, kikatafakari, kikaishia hapo. Niliwasha taa: ya kulia ikaamka, ya kushoto ikaendelea kulala.

Tuliegesha pembeni ili tufunge paa, ambalo lilikuwa limekunjwa chini ya kifuniko kingine nyuma ya viti. Wakati nikipambana nalo, shemeji alikwenda nyuma ya gari kutafuta mwamvuli aliotupa dada yake. Alizunguka mara mbili, akiupapasa mkia wa gari kama mkunga.

"Shemeji, buti linafunguliwa wapi?"

"Halina mlango kwa nje. Mizigo hupitishwa nyuma ya viti."

Alisimama kwenye mvua, maji yakimtiririka kwenye kidevu. "Dola elfu arobaini na sita, na buti halifunguki?"

Tulipofanikiwa kulibana turubai, viti vilikuwa vimejaa maji, kwa hiyo kazi ya paa ikawa kuyazuia yasitoke. Nilirudi mwendo wa kobe, kichwa nje ya dirisha, na magari yaliyokuwa mbele yangu yakinipisha, nadhani yakidhani ni pikipiki.

Karibu na kwa mzee mvua ilikatika na jua likatoka. Nilipata moyo, nikakanyaga mafuta katika gia ya pili, kisha nikaachia ghafla nilipoliona lango lake. Injini inapoachiwa hivyo, ndipo huvuta hewa kwa nguvu zake zote. Kifuniko kikafunguka, waipa zikaanza kufagia kioo kwa bidii, na taa ya kushoto ikaamka, yote hayo wakati tukiingia uani mbele ya macho ya mzee.

"Mmeona?" akasema kwa furaha. "Kila kitu kinafanya kazi."

Shemeji, suruali ikimchuruzika, aliniinamia sikioni. "Mwambie tutakwenda kufikiria."

Mzee alichungulia ndani, akatutazama tulivyolowa, akaingia nyumbani kwake bila neno na kutoka na taulo kubwa jeupe. Shemeji alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kiingereza chake bora kabisa, na alikuwa ameshaanza kujifuta kichwa pale mzee alipomgusa bega na kumwonyesha viti.