Audiolojia ya watoto isiachwe iwe somo la hiari

Wanaopanga mafunzo ya uzamili ya audiolojia, yaani taaluma ya usikivu, wana mvutano usiokwisha: kila mwanafunzi alazimike kuwamudu watoto kabla ya kuhitimu, au afunzwe kwa upana, na anayependa watoto ajiendeleze baadaye? Kwetu Lamu jambo hili ni zito, maana mtaalamu wa usikivu akifika huku hana mwenzake wa kumpelekea kesi ngumu. Atakayeingia asubuhi huenda ni nahodha mzee, na anayemfuata ni mtoto wa miezi minne mgongoni kwa mamake.

Wanaotetea upana wana hoja. Miaka ya masomo ni michache, wazee wanaopoteza usikivu ni wengi, na wapo waliokaa maisha yao yote kando ya injini za boti. Wasimamizi waliozoea watoto nao ni haba. Tena, wanasema, mtoto mchanga si wa kujifunzia makosa. Hoja hii ya mwisho naiheshimu kuliko zote.

Lakini kumpima mtoto ni kazi nyingine kabisa. Mtu mzima unamvisha hedifoni, unamwambia abonyeze kitufe akisikia. Mtoto wa miezi minane unamchezea sauti kwenye spika ya pembeni, na akigeuka unamtuza kwa mwanasesere anayewaka taa. Wa miaka mitatu unamfundisha mchezo: ashike kibao karibu na shavu, angoje, akisikia mlio akitie ndooni. Mama aliyeketi pale huona mchezo tu. Mpimaji lazima ajue kama kibao kimetiwa kwa kusikia, kwa kuchoka, au kwa sababu mtoto ameliona bega lake likitikisika. Na ana dakika chache kabla mtoto hajasusa.

Hata sikio lenyewe ni tofauti. Tundu la mtoto mchanga ni dogo, hivyo sauti ya kifaa kile kile cha kusaidia kusikia humfikia kwa nguvu zaidi kuliko mtu mzima. Anayekirekebisha kwa mazoea ya watu wazima anaweza kumzidishia. Kipimo cha sikio la kati kwa mtoto wa chini ya miezi sita huhitaji mlio wa herzi 1000, kwa kuwa ule wa kawaida wa 226 unaweza kuonyesha sikio zima ilhali lina maji ndani. Mhitimu asiyelijua hili atamrudisha mama nyumbani akiwa na moyo mkunjufu, na mtoto asisikie.

Wakati nao haungoji. Mwongozo unaofuatwa Marekani na kwingineko ni mtoto achunguzwe kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto milioni 34 wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, na karibu asilimia 60 ya visa vya utotoni vina visababishi vinavyozuilika. Sasa mfikirie mama wa Kizingitini, kisiwani Pate, ambaye boti yake hungoja maji yajae ndipo ipite mkondo wa Mkanda. Akiambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu mtoto amelia, huenda asirudi.

Kuna na suala la matamshi. Mtoto wa Amu (Lamu) akiambiwa arudie "kichwa" atasema "kitwa", na "macho" atayaita "mato". Mwanafunzi aliyefunzwa kwa orodha moja tu ya maneno atamhesabia makosa mtoto anayesikia vizuri. Picha za kuonyesha kwa kidole huondoa tatizo, ila lazima mtu awe amefundishwa kuzitumia.

Kwa hiyo naona mafunzo yabaki mapana, lakini mwanafunzi asihitimu mpaka asimamiwe akimpima mchanga, mtoto wa miaka miwili na wa miaka minne, kisha amweleze mama majibu kwa lugha anayoielewa. Idadi ya saa za mazoezi peke yake haitoshi. Mtu anaweza kumaliza saa zote amesimama nyuma ya mwenzake.

Na ile hofu ya kujifunzia kwa wachanga? Uchunguzi wa awali wa mtoto aliyelala ni kijiti laini sikioni kwa muda mfupi, hauumi. Malindi, mama huleta watoto kliniki kwa chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Hapo mwanafunzi angeyazoea masikio mazima kwanza, msimamizi akiwa kando. Ila sharti liwepo: programu isianze kuchunguza kabla haijapanga nani atathibitisha tatizo na kifaa kitatoka wapi. Kumwambia mama kuwa mwanawe hasikii, kisha kumwacha hapo, ni kumdhulumu. Wanafunzi hao wapelekwe pia Shule ya Viziwi ya Kibarani, Kilifi, wakakae na watoto wanaozungumza kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, maana mama atakapouliza "atasema?", jibu la mtaalamu lisiishie kwenye kifaa.