Taya likicheza, uliza kameza nini

Jicho likicheza, kila mtu ana tafsiri yake: mgeni yuaja, au kuna msiba. Taya likicheza hatuna tafsiri ya kurithi, basi kila mtu hutunga. Langu lilianza mwaka jana, asubuhi nikipiga mswaki: kidevu kikawa kinatetemeka kama cha mtoto anayejizuia kulia. Jirani akasema presha. Mama akasema, "Minyoo hiyo, mwanangu. Usiku unasaga meno mpaka nakusikia."

Meno nilikuwa nasaga kweli. Ilikuwa miezi ya kudaiwa, na kahawa nilikunywa mpaka saa tano usiku. Hebu uma meno kwa nguvu, kisha shika shavu chini ya sikio: kile kinachotuna ndicho msuli wa kutafunia. Ukiukaza usiku kucha, kunakucha unatetemeka kama mapaja ya mtu aliyepandisha ndoo ghorofa ya nne. Walaji wa mirungi wanalijua hilo.

Linalonikera hasa ni la dawa. Mpwa wangu alitapika siku mbili, akanunuliwa dukani vidonge vya metoklopramaidi, vimetiwa kwenye kibahasha kisicho na jina. Kesho yake taya likavutika upande, shingo ikapinda, macho yakageuka juu. Nyumba nzima ikaamua ni jini, ubani ukawashwa. Hospitali, nesi hakuuliza habari za mizimu. Aliuliza, "Kameza nini?" Akachomwa sindano, na haukupita muda binti anaomba chai. Si siri hii: tangu 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishauri dawa hiyo isizidi siku 5, kwa sababu ya madhara ya aina hii. Haloperidoli, ya maradhi ya akili, nayo huweza kuleta hayo hayo. Sasa muuzaji wetu, kuandika tu jina la dawa kwenye kibahasha kungempunguzia nini?

Yapo na mengine. Mzee ambaye taya humtetemeka akiwa ametulia, likaacha akianza kutafuna, aangaliwe ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaoleta kutetemeka. Kalsiamu ikipungua sana mwilini, misuli hukakamaa na kurukaruka. Na aliyechomwa na msumari, kisha taya likakaza likagoma kufunguka, huyo ni wa kukimbizwa: pepopunda huua.

Mimi kahawa ya usiku nimeacha. Dawa ya minyoo nilimeza pia, maana mama alisimama mlangoni na glasi ya maji.