Safari ya meli kwenye baridi: jiandae kwa mvua kuliko theluji

Familia nyingi zikisikia safari ya meli ya Alaska, jimbo la Marekani la kaskazini, hufungasha makoti mazito hadi masanduku hayafungiki. Wakifika, wanalowa. Ketchikan, mji wa bandari wa Alaska, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, na mchana wa Julai katika bandari za huko kwa kawaida huwa na joto la nyuzi 15 hadi 18 hivi. Anayewatesa watoto ni maji na upepo, si theluji.

Kwa hiyo koti moja zito halina maana. Mvalishe mtoto nguo tatu nyepesi: fulana ya sufu au ya nailoni inayogusa mwili, sweta juu yake, kisha koti la mvua lenye kofia. Jinzi na fulana za pamba ziachwe kebini, kwa sababu pamba ikilowa haikauki upesi, na humnyonya mtu joto. Glavu na soksi ziwe jozi mbili za ziada kwa kila mtoto. Jozi ya kwanza italowa kabla ya saa nne asubuhi, msibishane nayo.

Siku ya barafuto, yaani mto wa barafu unaoteremka polepole hadi baharini, ndiyo siku kubwa. Ndani ya Glacier Bay, ghuba ya Alaska iliyo hifadhi ya taifa, ambako meli kubwa haziruhusiwi kuzidi mbili kwa siku, meli husimama kwa muda mrefu mbele ya barafuto la Margerie, na upepo unaoshuka kutoka kwenye barafu hukata mashavu. Mtoto mdogo atavumilia dakika ishirini, labda. Tokeni sitahani kwa zamu, mwingie ndani kunywa kitu cha moto, mtoke tena. Hakuna haja ya kupigania upande wa kulia au wa kushoto, kwani nahodha huigeuza meli ili wote waone. Mwambieni mtoto asisubiri kishindo cha barafu inayomeguka ndipo atazame: mwanga hutangulia sauti, na akigeuka pande la barafu limeshaanguka majini.

Kuhusu mawimbi, njia inayopita katikati ya visiwa huwa tulivu. Meli zinazomalizia safari katika bandari za Seward au Whittier hukatiza Ghuba ya Alaska iliyo wazi, na hapo ndipo watu hutapika. Chumba cha chini, katikati ya meli, huyumba kidogo kuliko cha omo (mbele) au tezi (nyuma), na mara nyingi ni nafuu. Kwa maoni yetu, kwa mwenye watoto kinashinda baraza ya juu. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kuanza kuugua, na kipimo cha mtoto aulizwe daktari.

Juni, Juneau, mji mkuu wa Alaska, huwa na mwanga wa jua kwa zaidi ya saa 18. Pazia lisipofunga vizuri watoto hawalali. Vibanio vinne vya nguo vinatosha kulibana.

Kwenye hati za safari ndiko watu hukwama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 huzilazimu meli zenye bendera ya kigeni zinazobeba abiria kutoka na kurudi Marekani kugusa bandari ya nje, ndiyo maana safari inayoanzia na kuishia Seattle, Marekani, hupitia Kanada, mara nyingi Victoria. Anayehitaji viza ahakikishe ana ya Kanada, na ya Marekani iwe inamruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Kampuni nyingi pia hazipokei mtoto aliye chini ya miezi 6, au 12 kwa safari ndefu za bahari kuu. Ulizeni kabla ya kulipa.