Anzeni na Seli za Mtoto Mwenyewe

Mtoto mchanga akipitisha saa 48 bila kutoa kile choo cha kwanza cheusi, tumbo likajaa na akaanza kutapika nyongo, daktari hushuku ugonjwa wa Hirschsprung. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000, wavulana wakiwa karibu mara nne ya wasichana. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana haina neva, basi haisukumi kitu. Tangu daktari wa upasuaji Orvar Swenson alipoonyesha njia mwaka 1948, tiba ni upasuaji: kipande kisicho na neva hukatwa, kizima kikashushwa. Wengi hupona, ila wapo wanaoendelea kuhangaika na choo kwa miaka.

Kosa lenyewe hutokea mapema mno. Seli changa za neva huingilia juu ya utumbo wa kijusi, hushuka nao, na kufika mwisho kwenye wiki ya 7 hivi ya mimba. Zikikwama njiani, hakuna aliyeziona zikikwama.

Kwa miaka mingi tumemuuliza panya, na panya hutujibu nusunusu. Ukimharibia nakala moja ya RET, jeni inayoongoza ukuaji wa neva za utumbo, utumbo wake hubaki karibu mzima. Kwa binadamu nakala moja mbovu yaweza kutosha kuleta ugonjwa. Hapo ndipo mimi huona seli za mgonjwa mwenyewe hazina mbadala.

Mtafiti wa Japani, Shinya Yamanaka, alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi hurudishwa ikawa seli shina, yaani seli changa inayoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Mwaka 2011, watafiti wa Cincinnati, Marekani, wakiwa na James Wells walikuza kutoka seli shina vipande vidogo vya utumbo wa binadamu. Mwaka 2017 wakaviongezea seli za neva, na vipande vile vikaanza kujikaza na kulegea. Mwaka huohuo, watafiti wa Hong Kong walichukua seli za wagonjwa wa Hirschsprung, wakarekebisha jeni ya RET, na seli za neva zilizokuwa zikisuasua zikasafiri vizuri zaidi. Mtu yuleyule, jeni zilezile, tofauti ni kasoro moja iliyosahihishwa. Sijui ushahidi mwingine unaokaribia huo kwa usafi.

Wapo wanaolalamika kwamba tishu hizi ni changa, zinafanana na za kijusi kuliko za mtu mzima. Kwa anayechunguza vidonda vya utumbo vya mtu wa miaka 40, kweli ni kasoro. Kwa kasoro za kuzaliwa, uchanga huo ndio tunaoutafuta!

Ninachoomba ni kwamba maabara zisiishie kwa watoto wenye RET. Mabadiliko ya jeni hiyo huonekana katika takriban nusu ya familia zenye wagonjwa zaidi ya mmoja, lakini kwa wachache tu kati ya watoto ambao ndio wa kwanza kuugua kwao. Hao wa pili ndio wengi, na seli zao zimebeba sababu hata kama bado haina jina. Mzazi anayekubali mwanawe atolewe seli za utafiti aambiwe waziwazi kwamba hiyo si tiba ya mtoto huyu. Kisha, miaka ikipita, mtu amtafute na kumweleza kilichoonekana.