Jamani Lile Gazeti Halikuwa Langu

Naona inbox imejaa "kaka ni kweli?" na status ya jamaa yangu tunayechora naye banda moja imeshazunguka mpaka kwa mashemeji zangu Tanga, basi bora niseme mwenyewe. Ndiyo, ni kweli, picha niliyochora iliniaibisha ukumbini kwenye send-off ya watu. Ila kuzimia sikuzimia, na hakuna mtu aliyenikuta nimejificha nyuma ya ndafu. Nilikuwa nimesimama TU karibu na ndafu.

Mama mmoja alitaka picha kubwa ya mtindo wa tingatinga, ya zawadi, wazazi wampe binti yao siku ya send-off, ifunguliwe ukumbini mbele ya wakwe. Mimi mteja huwa namtumia picha kila hatua asije akasema hatukuelewana. Nikamaliza bekigraundi, ile njano inayoyeyukia kwenye chungwa, nikatuma. Nikachora tembo kwa chaki, nikatuma. Mimi najua naongea na mama, kumbe mama anafowadi kila kitu kwenye grupu la kamati! Shangazi mtu akataka anga liwe dasti pinki maana ndo rangi ya sherehe. Mjomba akauliza mbona tembo hana miguu (ni chaki mjomba, CHAKI). Mweka hazina yeye akauliza tukimtoa twiga bei inashuka shilingi ngapi. Nikamtoa twiga. Bei ikabaki palepale, nyie mnanijua.

Alhamisi usiku, sherehe Jumamosi, ikaingia voice note. "Mwanangu, wanakamati wameipenda mno, hongera sana. Ila tembo wawili tu? Waweke na katoto hapo katikati, iwe dua kwa wanetu." Sasa dua unaikataaje.

Kwa wasiojua, sisi tunatumia rangi ya glosi, dada yake na ile mnayopaka mageti. Wazee walianza na ya baiskeli. Januari ukipaka asubuhi jioni unaigusa, lakini hii masika ya Dar hata nguo ndani haikauki, sembuse glosi. Na katoto kenyewe kanakaa juu ya anga la dasti pinki ambalo tayari limekauka, ukipaka kijivu mara moja pinki inachungulia, unapata nguruwe mwenye mkonga. Nikapiga kijivu tena, nikaongeza tena, mpaka akafanana na tembo. Halafu nikamwekea vidoto vyeupe mgongoni maana tingatinga bila vidoto ni kama pilau bila bizari.

Ijumaa mvua kutwa. Jumamosi mchana namgusa katoto kwa kidole, juu kameota ngozi, chini kanabonyea. Nikawa nakapepea kwa mfuniko wa ndoo. Mzee Tingatinga mwenyewe alipoanza 1968 alikuwa anachorea hadibodi, na hadibodi we ikunje tuone! Kanvasi imekuja baadaye kwa ajili ya watalii, waviringishe watie kwenye begi wapande ndege. Na mama alitaka iviringishwe, ifungwe utepe, ifunguliwe taratibu watu wakipiga vigelegele. Kaona wapi sijui.

Sasa sikilizeni hapa maana hiki kipande kwenye ile status hakipo. Nilikuwa natafuta nailoni nilaze juu ya rangi. Nani alisema "achana na nailoni, weka gazeti, linanyonya unyevu"? Nani? Na gazeti lilikuwa la nani? Lilikuwa limetoka kufungia chapati zake asubuhi ileile. Haya tuendelee.

Ukumbini nimefika na suti ya kuazima, mama kaniambia nikae karibu nije nieleze maana ya picha. Nimekariri hotuba njia nzima kwenye daladala. Watu kama mia tatu, skrini kubwa mbili, wakwe wamekaa mbele wamenyooka kama wanapiga picha ya pasipoti. MC akaita zawadi ya wazazi. Opareta akaachia muziki. Kaka zake bibi harusi wawili wakashika kitu kila mmoja upande wake, utepe ukavutwa, vigelegele.

Wakaanza kufungua.

Likatokea anga. Dasti pinki hiyo, safi, shangazi akasimama akajishangilia mwenyewe. Ukatokea mbuyu. Nikaona mkonga wa tembo dume, nikasema ah, Mungu mkubwa. Halafu nikasikia krrrrrr. Ile sauti kila mchoraji anaijua, hata muziki haukuifunika. Gazeti linachanika. Kaka mtu badala ya kusimama akavuta kwa nguvu, akadhani ni sehemu ya mbwembwe, gazeti likadondoka chini lote isipokuwa kipande cha ukubwa wa sahani, kimejibandika kwenye tumbo la katoto, kimekaa sawasawa kama vile katoto kavalishwa fulana ya kampeni.

Nikajisemea mbali huko hawataona. Mtu wa video akazumu. Sasa tumbo la katoto likajaa skrini zote mbili.

MC, mtu ambaye hajaniona maishani na sijamkosea kitu, akasogea, akavaa miwani, akasema, "Wapendwa, naona mchoraji katuwekea na ujumbe." Muziki ukazimwa ili tusikie vizuri. Akasoma kwa ile sauti yake ya kutangaza meza kuu. "Je... mumeo... amekukimbia?"

Kimya.

"Anarudi... ndani ya siku tatu... akilia." Akageuka akamwangalia bwana harusi. Mimi pia nikamwangalia bwana harusi, sijui kwa nini. Akaendelea jamani, hakuacha! "Nyota iliyofifia, mvuto wa biashara, kesi mahakamani. Piga sifuri saba..." akasoma mpaka pale karatasi ilipochanika, akasema, "Namba imekatika, wenye shida mtamuona mchoraji, yule pale," akaninyooshea, na kamera ikaja.

Nikapewa maiki. Nyie, ubongo ulishaondoka ukumbini zamani, kilichobaki ni ile hotuba ya daladala. Nikafungua mdomo ikatoka sentensi ya kwanza kama nilivyoikariri: "Ndugu wageni waalikwa, kila mnachokiona kwenye picha hii nimekiweka kwa makusudi."

Aliyeanza kucheka ni baba mkwe. Alianza na kikohozi, akaweka leso mdomoni, ikashindikana, meza nzima ya wakwe ikafuata, bibi harusi vipodozi vyote mashavuni, opareta akapata akili akaweka muziki. Mimi ndo nikawa nimesimama karibu na ndafu. KARIBU.

Mengine mafupi. Jumapili nilienda kwao na tapentaini nikaloanisha kile kipande nikakibandua polepole kwa kucha, katoto kakabaki na kidonda, nimemrudishia kijivu na sasa ni mnene kuliko baba yake. Mama alinuna siku mbili, balansi kalipa yote, mweka hazina alijaribu kukata ya gazeti mama akamkatalia. Jamaa yangu anasema nimpe asilimia maana status yake imeniletea wateja. Sijamjibu, na chapati zake siku hizi nazikalia mbali.

Wateja kweli wapo. Jana kanipigia mmama wa upande wa wakwe, kasalimia vizuri, kaulizia kazi, watoto, mimi tayari nimeshika kalamu niandike saizi ya picha. Akashusha sauti: "Samahani baba, lile gazeti lililobaki unalo bado? Namba ilikatika mwishoni."