Kopi ya kitambulisho chako iko wapi sasa hivi?

Mwezi uliopita nilinunua bajia Chake Chake, nafungua karatasi naona kopi ya kitambulisho cha mtu, jina lake, tarehe ya kuzaliwa, nambari nzima, na mafuta yameshamlowesha uso. Nikarudi kumuuliza muuzaji kazipata wapi, akanambia anauziwa kwa kilo, ni mafaili ya ofisini yaliyokwisha kazi. Zile bajia sikuzila jamani.

Sasa kuna wanaosema usajili wa laini za simu ndio ulinzi wenyewe, tena wana hoja nzito. Zamani laini ukinunua Darajani kama njugu, mtu anakutapeli anaitupa, utamshika wapi? Ndo likaja zoezi la alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, na tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ilishawapa polisi nguvu ya kupekua na kuchukua vifaa, lakini kama nyuma ya namba hakuna jina askari ataanzia wapi. Hilo nakubali kabisa.

Ila mbona meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" hazijesha? Kwa sababu laini inasajiliwa kwa kidole cha mwengine. Bibi kaenda kusajili yake, anaambiwa bibi weka tena hakijashika, anaweka, kumbe mara ya pili ni laini nyengine kabisa na hajui mpaka aje kuulizwa. Kila tunapokusanya taarifa za watu tunafungua na mlango wa kuzivujishia, na huu mlango wa pili hatuushughulikii kama tunavyoshughulikia ule wa mwanzo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, imeanza kazi tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Inataka taarifa ichukuliwe kwa sababu inayojulikana na isikae zaidi ya inavyohitajika, ukivunja Tume inaweza kukutoza faini inayofika shilingi milioni 100. Wafanyabiashara wanalalamika, na mtu wa Jambiani mwenye gesti ya vyumba vitano kumwambia ajisajili Tume kwa ajili ya kopi za pasipoti si jambo dogo, namuonea huruma kwa kweli. Lakini zile pasipoti ziko kwenye droo isiyo na kufuli!

Na huku kwetu kuna jambo zaidi. Sheria hiyo yenyewe inasema kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Simu ni Muungano, sawa. Hospitali je? Skuli? Daftari la sheha, yule kiongozi wa mtaa? Hayo ni yetu wenyewe kuyalinda, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 15 imeshasema maisha binafsi ya mtu yaheshimiwe. Wapo wanaotaka Zanzibar iwe na tume yake, wengine wanasema tume mbili ni mzigo, taarifa ikishaingia kwenye mtandao haisubiri boti ya Dar, kwa hiyo moja inatosha. Mie kwa majengo na vyeo nipo na hawa wa pili, lakini kwa sheria nipo na wale wa mwanzo, ofisi zetu zifungwe na sheria yetu inayotaja daftari la sheha na faili la mgonjwa kwa jina, isibaki kubahatisha. Tena ianze na hili dogo tu, mtu akionesha kitambulisho atizamwe, nambari iandikwe, arudishiwe. Kopi ya nini? Na kama lazima kopi basi ikimaliza kazi ichomwe mbele ya mkuu wa ofisi na atie saini.

Ile karatasi yangu nimeichoma jikoni. Lakini ilikuwa moja, muuzaji pale chini ya meza alikuwa na fungu linalofika magotini.